Hofu Iliyopanda Mpaka Ufipa

Mwezi huu twapenda kusema nanyi habari ya jambo lililoingia katika nyumba nyingi za nchi yetu pasipo kubisha hodi, nalo ni hofu iliyobaki mioyoni baada ya ghasia za uchaguzi wa mwaka 2025. Juu ya siasa yenyewe watu wamekwisha kusema mengi, na wengine watasema zaidi. Sisi twauliza neno moja tu: ghasia zile zilifanya nini katika mioyo na akili za watu, hata za wale waliokuwa mbali nazo, na jamaa na walimu wa Ufipa wafanye nini?

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokuwa. Jumatano tarehe 29 Oktoba 2025 ilikuwa siku ya kupiga kura. Wakuu wa upinzani hawakuwamo katika karatasi ya kura: Bwana Tundu Lissu wa CHADEMA alikuwa kizuizini tangu mwezi wa Aprili kwa shitaka la uhaini, na Bwana Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo alikuwa ameenguliwa. Siku hiyo vijana wengi wakatoka barabarani Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya, hata Tunduma mpakani, mji ambao msafiri wa kutoka Sumbawanga kwenda Mbeya hana budi kuupita. Katika Dar es Salaam vituo vya mabasi na vya mafuta vikachomwa moto. Mabomu ya machozi yakapigwa, na risasi za moto pia. Jioni ileile mji ukawekwa chini ya amri ya kutotoka nje tangu saa kumi na mbili, na intaneti ikakatwa nchi nzima, isirudi mpaka tarehe 3 Novemba. Vyuo vikuu vilivyokuwa karibu kufunguliwa vikangojeshwa hata tarehe 17 Novemba.

Tarehe 11 Novemba Bwana Volker Türk, mkuu wa haki za binadamu katika Umoja wa Mataifa, alisema kwamba habari alizopata zaonyesha mamia ya watu waliuawa, na kwamba wako jamaa waliotafuta maiti za watu wao wasizione. Akaomba warudishiwe wakazike. Watu zaidi ya 200 walishitakiwa uhaini, kisha wengi wao wakaachiwa kabla mwezi ule haujakwisha. Tarehe 18 Novemba Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Basi labda mtu atasema: "Hayo ni mambo ya miji mikubwa. Sisi tuko juu ya uwanda wetu, ziwa la Rukwa upande huu na ziwa la Tanganyika upande ule, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka hapa. Yatuhusu nini?" Twajibu kwa kuuliza: ni ukoo gani wa Sumbawanga, wa Laela, wa Matai au wa Namanyere usio na mtoto mjini? Wengine wako vyuoni, wengine wanauza madukani, wengine wanaendesha bodaboda, wengine ni watumishi wa nyumba za watu, na wengine wamevaa sare ya polisi na ya jeshi. Hao wote ni watoto wa Ufipa, na kila mmoja ana mama yake anayengoja simu.

Tutoe mfano, si wa mtu fulani, bali wa wengi. Mama mmoja ana kijana wake Dar es Salaam. Siku zile yeye na jirani zake walikuwa wakiandaa mashamba kungojea mvua za kwanza. Jioni asikia kwamba mji umewaka moto. Atafuta habari za mwanawe katika simu, hapati. Watu wapita njiani na habari mbalimbali: huyu asema wamekufa kumi, yule asema wamekufa elfu. Usiku halali. Kwa siku tano moyo wake wakaa kama mtu aliyesimama mguu mmoja. Siku ya sita kijana apiga simu: yu mzima, alikuwa amejifungia chumbani. Mama ashukuru, acheka, alia. Lakini tangu siku ile kila simu inapolia usiku mwili wake watetemeka, na kijana asipoijibu mara moja, uji wamshinda kumeza. Je, mama huyu aliumizwa na ghasia au hakuumizwa? Hakuona moto wala hakusikia risasi. Hata hivyo amejeruhiwa.

Jambo hili si udhaifu wa wanawake, wala si uoga wa watu wa bara. Wataalamu wamelipima katika nchi nyingine. Mwaka 2013 tarehe 15 Aprili mabomu yalipasuka katika mashindano ya mbio mjini Boston, Marekani. Baadaye wataalamu waliwauliza Wamarekani 4,675 juu ya hali ya mioyo yao. Wakaona jambo la ajabu: wale waliokaa saa sita na zaidi kila siku ya juma lile wakitazama na kusikiliza habari za mabomu walikuwa na dalili za mshtuko kupita hata wale waliokuwapo mahali penyewe au karibu napo. Jicho likitazama jambo la kutisha mara mia, moyo hulipokea kana kwamba limetokea mara mia.

Tena twatazama Hong Kong, mji uliopata maandamano makubwa mwaka 2014 na mwaka 2019. Huko wataalamu wa chuo kikuu waliwafuata watu wazima zaidi ya 18,000 kwa muda wa miaka kumi, wakiwauliza hali zao mara kwa mara. Kabla ya maandamano ya kwanza, watu wapatao 2 katika kila 100 walikuwa na dalili za huzuni nzito, ile ambayo madaktari huiita sonona. Mwaka 2019 walikuwa 11 katika kila 100. Na watu karibu 13 katika kila 100 walikuwa na dalili za mshtuko usiokwisha, yaani kuona tena na tena yale ya kutisha, kustuka kwa kishindo kidogo, na kukwepa kila kitu cha kuyakumbusha. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2020. Na hao hawakuwa waandamanaji peke yao. Waliofuata habari za ghasia katika mitandao saa mbili au zaidi kila siku ndio walioonekana kuwa na dalili zaidi. Lakini lilionekana neno jingine, nalo twawaomba mlishike sana: waliokuwa na msaada wa jamaa zao hawakushikwa sana na sonona kama wale waliokosa msaada huo.

Hapo ndipo penye shabaha ya maneno yetu. Ghasia hutokea barabarani, bali sehemu kubwa ya uponyaji hutokea nyumbani. Baba, mama, bibi, babu na mwalimu wana kazi ambayo serikali haiwezi kuwafanyia.

Haifai mtu afikiri kwamba twasema watu wasidai haki zao. La. Mtu aliyeonewa akinyamazishwa, kunyamaza kwenyewe humla ndani. Wala si kila aliyeandamana, au aliyeona mambo mabaya, atakuwa mgonjwa. Walio wengi hutetemeka siku chache, kisha usingizi hurudi, chakula huwa kitamu, na kazi huendelea. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika nchi zilizopigwa na vita mtu mmoja katika kila watano ana ugonjwa fulani wa akili, mdogo au mkubwa. Nchi yetu haikuwa katika vita, lakini hesabu hiyo yatufundisha mambo mawili: wanaobaki wameumia si haba, na walio wengi zaidi husimama tena.

Tutamjuaje aliyeumia? Mtu mzima hukosa usingizi, au hulala akaota ndoto mbaya. Hukasirika kwa jambo dogo. Hukaa peke yake, huacha shamba, huacha mazungumzo ya jioni. Wengine hulalamika juu ya kichwa, tumbo au moyo kwenda mbio, na zahanati isione kitu. Wanaume mara nyingi hawasemi kwamba wana hofu. Huikimbilia pombe, na hofu yao hutoka kama ukali juu ya mke na watoto. Mtoto mdogo hurudia kukojoa kitandani, hung'ang'ania nguo ya mama, au hucheza mchezo uleule wa risasi na kukimbia kila siku. Mwanafunzi aliyekuwa hodari hutazama ubao asione kilichoandikwa. Mwalimu akimpiga kwa uvivu, amempiga mgonjwa.

Iko huzuni iliyo nzito kuliko hizo zote, nayo ni ya wale waliokosa mtu wao bila kuiona maiti. Desturi zetu za msiba zina hekima nyingi. Mtu akifa twamwosha, twamzika, twakaa matanga pamoja, twalia, twahesabu siku, kisha twaondoa tanga na kurudi kazini. Kila hatua yamwambia mfiwa: jambo hili ni kweli, nawe huko peke yako. Bali asiyeona maiti hawezi kuianza hata hatua ya kwanza. Akilia, aona kana kwamba amemwua mtoto wake kwa machozi. Asipolia, machozi humlemea. Asubuhi asema "amekufa," jioni asema "yuko gerezani, atarudi." Tusimharakishe mtu kama huyo. Tusimwambie, "Sahau," wala tusimwambie, "Hakika atarudi." Twende kwake, tukae naye, tulitaje jina la mtoto wake pasipo woga, tumsaidie kuuliza katika ofisi, hospitalini na mahakamani. Na kama jamaa wakiamua kumwombea na kukusanyika kwa ajili yake kabla ya kupata hakika, tusiwazuie, kwa maana mkusanyiko wa namna hiyo huwapa walio hai pumzi.

Tukumbuke tena wale ambao watu husahau kuwahurumia. Yuko kijana aliyekamatwa akawekwa ndani, kisha akaachiwa. Amerudi kijijini, lakini majirani wamkwepa, wengine kwa kumdhania mhalifu, wengine kwa kuogopa kuonekana naye. Na yuko mtoto mwingine wa kijiji hichohicho aliyekuwa polisi siku ile. Huyu naye aliona, na labda alitenda, mambo asiyoweza kumweleza mama yake. Anaporudi likizo amenyamaza kama jiwe. Katika ukoo mmoja vijana hawa wawili waweza kuwa ndugu wa mama mkubwa na mama mdogo. Mkiwaketisha mezani ili mwamue nani alikuwa na haki, mtavunja nyumba. Swali la haki lina mahali pake, nalo lazima lijibiwe huko kwa kweli, maana watu huona taabu kupona mahali ambapo ukweli umefichwa. Lakini mezani kwenu kila mmoja apate kwanza chakula, na nafasi ya kusema atakapokuwa tayari.

Sasa twataka kusema neno juu ya uchawi, kwa kuwa twaijua nchi yetu. Jina la Sumbawanga lenyewe hufasiriwa "tupa uchawi." Wazee wanakumbuka miaka ya 1963 na 1964 watu wa Kamcape walipopita vijini mwa Ufipa wakidai kuwafichua wachawi na kuisafisha nchi. Siku zile nchi ilikuwa imetoka tu kupata uhuru, na mambo mengi yalikuwa yakigeuka mara moja. Mioyo ikiwa na wasiwasi hutafuta mtu wa kulaumiwa, na anayelaumiwa mara nyingi ni mzee asiye na wa kumtetea. Basi kijana aliyerudi kutoka mjini akikaa kimya, akipiga kelele usiku, au akisema kwamba anafuatwa, msikimbilie kusema amerogwa. Mkifanya hivyo mtafanya mabaya mawili: mtamchelewesha mgonjwa asipate dawa, na mtamtia jirani yenu katika hatari ya kuuawa bure.

Nyumba na shule zaweza kufanya nini? Twataja mambo matano.

Kwanza, semeni kweli kwa upole. Watoto wamesikia tayari. Mkinyamaza, watajitungia habari mbaya kuliko zile za kweli. Mwambieni mtoto kwa maneno machache yaliyolingana na umri wake: "Palikuwa na ugomvi mkubwa mjini juu ya uchaguzi. Watu waliumia, wengine walikufa. Sisi tuko hapa pamoja nawe." Msimwahidi kwamba jambo baya halitatokea kamwe, mwahidini kwamba hatakuwa peke yake.

Pili, sikilizeni bila kulazimisha. Shirika la Afya Duniani huwafundisha watu wa kawaida kumsaidia aliyepatwa na mshtuko kwa njia nyepesi: mtazame uone haja yake, msikilize, kisha mwunganishe na watu na huduma zitakazomfaa. Wala halikubali mtu abanwe aeleze yote aliyoyaona, kwa maana kumlazimisha huweza kumuumiza upya. Anayetaka kusema, apewe sikio. Anayetaka kukaa kimya, apewe kiti karibu na moto.

Tatu, wekeni mpaka katika simu. Intaneti iliporudi tarehe 3 Novemba, picha za maiti na za damu zilimiminika kama maji ya bwawa lililobomoka. Wako waliozitazama usiku kucha, wakawaonyesha na watoto. Kujua habari ni vema. Mtu azisome mara moja mchana kutoka mahali anapopaamini, kisha aiweke simu. Kuitazama maiti ileile mara ishirini hakumfai marehemu wala aliye hai. Na picha ya mtoto wa mtu amelala barabarani haifai kutumwa huku na huku, kwa kuwa mama yake naye ana simu.

Nne, rudisheni utaratibu wa siku. Saa ya kulala, saa ya kula, kwenda kisimani, kupalilia mahindi na maharagwe, kuimba pamoja, kwenda shule: mambo haya madogo huuambia mwili kwamba hatari imepita. Mwalimu aanze darasa kwa namna ileile kila asubuhi. Asiwaulize wanafunzi wazazi wao ni wa chama gani, wala asiruhusu mtoto achekwe kwa sababu ya kaka yake. Aliyeshindwa masomo kwa ajili ya hofu apewe kazi fupi fupi mpaka akili irudi.

Tano, jueni wakati wa kwenda hospitalini. Dalili zikipita mwezi mmoja bila kupungua, au mtu akishindwa kula, kulala na kufanya kazi, au akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mpelekeni. Aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kutoka huko ataelekezwa kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Sumbawanga. Na kwa magonjwa makubwa ya akili nchi ina hospitali ya Mirembe huko Dodoma. Mtu akisema kwamba afadhali afe, msimkemee wala msimcheke. Mwulizeni waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya, bali humfungulia mlango. Msimwache peke yake hata usiku mmoja, ondoeni karibu naye dawa za shamba na kamba, mkampeleke kwa daktari siku ileile. Kuugua akili si aibu kuliko kuugua malaria, na zote mbili zina dawa.

Huenda mtu akauliza tutakaa na jambo hili mpaka lini. Hatupimi kwa miezi. Kenya ilipata ghasia baada ya uchaguzi wa mwisho wa mwaka 2007, na tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa. Unguja na Pemba walipata yao mwezi wa Januari 2001, na watu zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni. Katika nchi kama hizo uchaguzi mwingine unapokaribia, wako wanaoanza tena kuota. Kwa hiyo nasi tusidhani kwamba kwa kuwa barabara zimefagiwa na maduka yamefunguliwa, basi kila moyo umefunguliwa pia. Siku ya kura itakapokuja tena, wako kati yetu watakaotetemeka, nao watahitaji mtu aliyekumbuka.

Basi ndugu wasomaji, kabla mwezi huu haujakwisha, kila nyumba imfikirie mtu mmoja aliyebadilika tangu Oktoba ile: jirani aliyeacha kuja barazani, mwanafunzi asiyeinua macho, kijana aliyerudi kutoka mjini asitake kutoka nje. Msiende kwake na mahubiri, wala msiende na maswali ya siasa. Nendeni na unga kidogo au maharagwe, mkae, mwulizane habari za shamba, na mkiondoka mwambieni siku mtakayorudi. Kisha mrudi siku hiyohiyo mliyoitaja.